Koleo Mkononi mwa Swedi

Wengi wetu tunapelekwa hospitali na mtu yuleyule aliyetupiga. Ndiye mwenye gari, ndiye anayejua pa kuingilia, ndiye anayemjibu muuguzi. Naandika haya kwa ajili ya mwanamke ambaye sasa hivi amekaa kwenye benchi la kusubiria na kitambaa mdomoni, huku mume wake pembeni anamshikia mkoba. Mimi nilikaa hapo. Leo mdomo wangu unafunguka, hata kama haufunguki sawasawa.

Naitwa Hadija. Ni mwalimu wa darasa la kwanza hapa Bujumbura. Wakati huo nilikuwa naishi Musaga na mume wangu Swedi, binti yetu Nadia, na mama mkwe wangu, Bibi Zaina. Swedi ana duka la vipuri vya magari mjini. Ukiwauliza majirani zake wa dukani watakwambia ni mtu mpole, na hawatakuwa wamesema uongo. Ni mpole kwa wateja, ni mpole msikitini, hata mbuzi wa jirani akiingia uani anamtoa polepole.

Alianza kunipiga Nadia akiwa bado ananyonya. Hakunipiga kila siku, na hilo ndilo linalowachanganya watu. Wanadhani anayepigwa hupigwa asubuhi na jioni, kama anayemeza dawa. Kwetu ilipita miezi mizima ya amani. Ananiletea ndizi za kuiva, ananiita "mwalimu wangu", namsikia akinisifia kwenye simu. Halafu inarudi. Niliishi nayo kama watu wa hapa tunavyoishi na malaria: ukipona unajisahau, unasema labda safari ile ilikuwa ya mwisho.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua za mwisho, zile kubwa zinazoshuka kutoka milimani na kujaza mitaro yote ya Musaga. Nilikuwa nimetoka Gasenyi kwa kaka yangu Jumaine, ambako walimpa jina mtoto wao mchanga. Mvua ilinizuia. Bisi zilikuwa hazipatikani. Nilifika jua bado halijazama, lakini baada ya saa aliyonipangia. Swedi alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Bibi Zaina alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele.

"Ulikuwa kwa nani?" akaniuliza.

"Kwa Jumaine, si unajua. Mvua..."

Sikumaliza. Alinipiga kwa kisukusuku cha mkono, chini ya sikio. Nilisikia kitu kinakatika ndani ya kichwa changu, na nilipojaribu kufunga mdomo, meno ya chini hayakukutana tena na ya juu. Yalikuwa yamekwenda upande wao. Nakumbuka mchele umemwagika na Bibi Zaina anauokota, punje kwa punje, bila kunitazama.

Hospitalini ni Bibi Zaina aliyesema kwanza. "Ameteleza kwa dushi, kule bafuni. Hizi mvua, kila mahali ni utelezi."

Swedi alikuwa amesimama nyuma yangu na mkoba wangu mkononi. Daktari alikuwa kijana, mwembamba, macho mekundu kwa kazi. Aliitazama picha ya taya, akanitazama mimi.

"Ni kweli, mama? Uliteleza?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Unaweza kunilaumu. Mimi mwenyewe nilijilaumu muda mrefu, siku hizi nimeacha. Nilikuwa na taya lililovunjika mahali pawili, na mwenye kunirudisha nyumbani alikuwa nyuma yangu.

Walinifunga meno kwa waya, ya juu na ya chini pamoja, yasiachane hata kidogo mpaka mfupa ushike. Baada ya hapo daktari alitueleza jambo moja kwa msisitizo. Mtu aliyefungwa mdomo hivyo akitapika, matapishi hayana pa kutokea, anaweza kukosa pumzi. Kwa hiyo lazima koleo la kukatia waya liwe karibu naye wakati wote, na mtu wa nyumbani ajue kulitumia.

Swedi alicheka kidogo, kile kicheko chake cha dukani. "Muganga, usiwe na wasiwasi. Mi nauza vyuma. Koleo ziko za kila aina."

Daktari akamwonyesha waya zipi za kukata. Swedi akasikiliza vizuri sana, akauliza na maswali. Nilikuwa nimelala pale nawatazama. Pumzi yangu ilikuwa imekabidhiwa mkono uleule.

Kuhusu kuishi na mdomo uliofungwa, hakuna aliyeniambia, kwa hiyo nakuambia. Utaona njaa ambayo hukuwahi kuiona, njaa ya kutafuna. Unakunywa uji, maziwa, mchuzi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, uliochujwa, yote kwa mrija unaopenya kwenye pengo la jino la nyuma. Mate yanakutoka ukilala. Mdomo unanuka, na wewe ndiwe unayeunusa kuliko wote. Mashavu yanaingia ndani. Sketi zangu za shule zilianza kuzunguka kiunoni, nikazibana kwa pini. Nadia alikuja akanigusa shavu kwa kidole kimoja, akauliza, "Mama, meno yako yamelala?" Nikaitika kwa pua.

Na Bibi Zaina ndiye aliyenilisha. Hili nalisema kwa sababu ni kweli, japo linanichoma. Alikuwa anachuja uji kwa kitambaa safi, mara ya kwanza, mara ya pili, asibakize hata chembe ya kuziba mrija. Alikuwa ananifuta kidevu. Halafu wageni wanaokuja kunipa pole wakiuliza, anajibu kabla kikombe hakijashuka: "Dushi, mwanangu. Dushi." Alilisema mara nyingi mpaka nadhani alianza kuuona ule utelezi wa bafuni.

Siku moja tulikuwa wawili tu sebuleni. Alivuta mdomo wake wa chini akanionyesha fizi. Upande mzima hauna meno.

"Baba yake Swedi," akasema. "Nilikuwa na umri kama wako. Na niko hapa, nimezaa, nimezeeka. Inapita."

Aliachia mdomo, akaendelea kukoroga uji. Alikuwa ananifariji. Kwa moyo wake wote alikuwa ananifariji.

Kaka yangu Jumaine alikuja na mama yetu. Mama alilia, akaniombea dua, akaniwekea mkono kichwani. Jumaine na Swedi walikaa barazani wakanywa soda. Nilimsikia kaka yangu akimshauri shemeji yake aweke mkeka wa mpira bafuni. Walipokuwa wanaondoka, Swedi aliwasindikiza mpaka barabarani.

Mvua zikakatika. Vumbi la kiangazi likaanza kukaa juu ya majani ya migomba, na waya bado ziko mdomoni. Koleo lilikuwa likining'inia kwenye msumari karibu na kitanda changu. Asubuhi moja Swedi alilichukua. Mteja anataka kukatiwa kitu, alisema, atalirudisha jioni. Duka limejaa koleo, akachukua lile.

Mimi nilikuwa nimeamka na homa. Viungo vinauma, baridi inanitikisa chini ya blanketi wakati nje jua linawaka. Nilijua ni malaria, na nilijua malaria yangu huja na nini. Kabla ya saa sita tumbo likaanza kupanda.

Nilitoka chumbani nikiwa nimeshika ukuta. Bibi Zaina aliponiona alielewa, akaanza kupiga kelele. Kumbe kelele zake, alizokuwa ameninyima siku zote, zilikuwepo. Jirani yetu Mama Belise alizisikia. Huyu ni mama wa Kikristo, mkubwa wa mwili, mume wake ni fundi umeme. Alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ukuta. Aliingia kwetu mbio na pensi ya mume wake mkononi, koleo la kukatia nyaya za umeme. Hakuuliza kitu. Alinikalisha chini, akaniinamisha, akapanua midomo yangu kwa vidole vyenye sabuni na kuanza kukata. Waya moja, nyingine, nyingine. Ya mwisho ilinichana ndani ya shavu. Mdomo ukaachia, na vyote vikatoka, uji na damu, juu ya kanga yake.

"Pumua, Mama Nadia," alikuwa anasema. "Pumua tu. Niko hapa. Pumua."

Nilipumua. Tangu siku ile najua hewa ina ladha.

Mama Belise alisimamisha tuk-tuk akanipeleka hospitali mwenyewe. Kwa mara ya kwanza nilikaa kwenye lile benchi bila Swedi. Watu ni walewale, mama anayebembeleza mtoto, mzee aliyefunga mguu bandeji, lakini nilipumzisha mabega. Daktari alikuwa yuleyule kijana. Wakanipima damu, wakanitia dripu, wakaangalia taya. Mfupa ulikuwa umeanza kushika na sasa ulikuwa umesogea. Itabidi kufunga tena.

Aliweka waya mpya kwenye meza. Hakuzigusa. Alimwomba Mama Belise atupishe kidogo, akavuta kiti.

"Mama, nikifunga hutaweza kusema tena kwa muda. Kabla sijafunga, iko kitu unataka kuniambia?"

Alikuwa hajakaza sauti. Nje nilisikia mtu anaburuta ndoo. Taya langu lilikuwa linaning'inia, ulimi umekuwa mzito, na maneno yalitoka kama ya mlevi.

"Siyo dushi," nikasema. "Ni bwana yangu."

Hakushangaa. Alisema tu, "Asante," akatoka, akarudi na mwanamke wa makamo aliyevaa sweta ya kijani, Konsolata, mtu wa huduma za jamii pale hospitalini. Mwanamke huyu alikaa karibu na magoti yangu. Swali lake la kwanza halikuwa nimemfanyia nini mume wangu.

"Mutoto iko wapi?"

Nadia alikuwa shuleni. Masomo yalikuwa karibu kwisha. Na Bibi Zaina, nilijua, alikuwa ameshampigia mwanawe simu.

Konsolata alifungua mlango akazungumza na Mama Belise kwa Kirundi, haraka haraka. Mama Belise aliondoka na kanga yake bado ina damu yangu. Nililala pale nikihesabu njia kichwani: kutoka dukani mpaka shule, kutoka hospitali mpaka shule. Swedi ana gari. Kama angeenda shule kwanza, angempata mtoto, na mtoto akiwa mikononi mwa watu wake mimi ningerudi Musaga kwa miguu yangu mwenyewe, ningepiga magoti. Najijua.

Lakini Swedi alikuja kwanza hospitali. Aliogopa zaidi masikio ya daktari kuliko alivyomkumbuka binti yake. Nilisikia sauti yake kwenye korido, ya upole, anauliza mke wake yuko chumba gani. Alitokea mlangoni na koleo limetokeza mfukoni mwa shati.

"Nimelileta," akasema.

Konsolata alisimama. Ni mfupi, kichwa chake kilimfika Swedi kifuani. "Bwana, unangoja kule nje kwenye benchi kama wengine. Tutakuita."

"Mi ni mume wake."

"Ndiyo. Unangoja kule nje."

Na akaenda. Miaka yote ile sikuwahi kuona mtu akimwambia Swedi angoje, na yeye akangoja. Sikujua kama ni jambo linalowezekana.

Konsolata alirudi kukaa. Akanieleza kwamba hapa hapa mjini kuna kituo cha wanawake waliopigwa na waliobakwa. Wanatibu bila kulipisha. Daktari wao, au huyu wetu, anaweza kuandika cheti cha majeraha, na cheti hicho kinasimama mahakamani. Kuna mtu wa kuzungumza naye, kuna mtu wa sheria, na kuna vitanda vya siku chache kwa asiye na pa kwenda. "Siwezi kukulazimisha," akasema. "Ukitaka kurudi kwako, utarudi, na mlango hapa hautafungwa. Lakini mi sitaki urudi bila kujua." Nilikuwa nimefundisha shule miaka yote mjini humu. Nilipita karibu na kituo hicho kwenye bisi, sijui mara ngapi.

Simu yake ikalia. Alisikiliza, akaniwekea sikioni. Ilikuwa sauti ya Nadia: "Mama, Mama Belise amenipa sambusa."

Ndipo nikamwambia daktari anifunge.

Tulitokea mlango wa nyuma. Swedi alikuwa bado kwenye benchi.

Kituoni nilikaa na Nadia kitanda kimoja. Wanawake tuliokuwa pale hatukusimuliana mengi. Mmoja alikuwa anakoroga uji wangu bila kuombwa. Asubuhi kulikuwa na mtu wa kunisikiliza, nami sina mdomo. Nilichora, nikanyooshea vidole, nikalia kwa pua. Alingoja. Kungoja kwake kulinisaidia kuliko maneno.

Kisha familia ikaitana, Gasenyi, kwa Jumaine. Walikuja wazee wawili wa mtaa, mjomba wetu, Swedi, na Bibi Zaina. Mimi nilikaa mkekani karibu na mama, waya mdomoni. Walizungumza mpaka adhuhuri. Swedi alisema shetani alimpitia. Wazee wakasema amekubali kosa, hilo ni jambo kubwa kwa mwanaume. Mjomba akasema nyumba ni mwanamke. Walipokwisha kukubaliana kila kitu, mmoja wao akanigeukia.

"Haya, binti yetu. Unarudi kwako?"

Nilitikisa kichwa. Hapana. Walidhani sijasikia, wakarudia. Nilitikisa tena, kwa nguvu, maumivu yakapanda mpaka masikioni, sikuacha.

Jumaine alisimama. "Basi kwangu usirudi. Uende kwa hao waliokufundisha kuaibisha watu."

Mama alitazama mkeka.

Polisi wa kwanza aliyenipokea aliniuliza nilimkosea nini mume wangu. Mtu wa sheria wa kituo cha wanawake, aliyenisindikiza, alikusanya karatasi zake akaomba askari mwingine. Alipatikana mwanamke mmoja, akaandika kila kitu, cheti kikaambatishwa. Ukienda, usiende peke yako. Na ukimkuta wa kwanza, ulizia wa pili.

Waya zilitolewa vumbi likiwa limekolea, ule wakati milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa haionekani kabisa. Nilidhani mdomo utafunguka. Ulifunguka upana wa kidole. Nilifanya mazoezi kwa vijiti vya aiskrimu, naongeza kimoja baada ya kingine katikati ya meno huku machozi yananitoka. Nusu ya mdomo wa chini haina hisia mpaka leo. Chai inanidondoka na sijui, mpaka nione watu wanatazama. Herufi "s" inanitoka na upepo. Niliporudi darasani watoto walicheka, halafu wakazoea, halafu wakaanza kuiga, darasa zima likawa linasoma silabi kwa upepo. Nilicheka siku ile. Kucheka nako kuliuma.

Kesi ilichelewa, ikaahirishwa, mvua mpya zikaanza. Mama Belise alisimama mbele ya hakimu akasema alichokuwa anakisikia kupita ukutani kwa miaka, na alichokikata kwa pensi. "Mi nilinyamazaka kwa sababu ni mambo ya nyumba ya watu," akasema. "Sasa sinyamaze." Bibi Zaina naye alisimama. Alisema niliteleza. Alipopita karibu yangu akitoka, aliniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kutafuna nyama. Nikamwambia upande mmoja tu. Alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akaenda kukaa na mwanawe.

Swedi alifungwa, muda mfupi kuliko ule niliokula kwa mrija. Ametoka. Tukikutana mjini ananisalimia kwa heshima, anauliza afya yangu. Talaka ilipita. Nadia anaishi na mimi, na huyo baba yake anamwona mchana, kwa mjomba wetu, si vinginevyo. Jumaine hanisemeshi.

Nimepanga chumba cha uani Kibenga. Siku ya Idi, mama alikuja peke yake kutoka Gasenyi, na sahani ya pilau imefunikwa kitambaa. Alikaa kitandani kwangu kwa sababu viti sina. Alinitazama ninavyokula, natafuna upande, najifuta kidevu kwa mazoea.

"Nilijua," akasema. "Zamani. Ulikuja kwangu na miwani ya jua, na jua halikuwepo."

Niliweka kijiko chini. "Ukanyamaza, mama?"

"Ningekuweka wapi, Hadija? Nyumba ni ya Jumaine. Mimi mwenyewe nimewekwa. Ningekuambia toka, halafu nikuweke wapi?"

Nilikuwa na hasira ya kumjibu, hasira ya miaka. Lakini swali lake lilikuwa halina jibu pale alipokuwa anaishi, na hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha mahali pengine. Nikamsogezea maji. Hatukukumbatiana. Alipoondoka nilimsindikiza mpaka kituo cha bisi, akapanda, hakugeuka.

Wiki iliyofuata nilinunua godoro jembamba, nikaliegemeza nyuma ya mlango. Konsolata anajua liko. Kituo kikijaa ananipigia, nami naliangusha chini. Jana amelala hapo mwanamke mmoja, bado amelala wakati naandika haya, kitambaa cha kichwa amekivuta mpaka machoni. Jina lake hajalisema. Sijamwuliza.